Fanny Hill yenye picha na mwaka 1749: je, ni toleo la kwanza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Uingereza. Mwezi uliopita nilinunua mnadani boksi la vitabu vikuukuu, nikakuta ndani yake Memoirs of a Woman of Pleasure, riwaya ya Kiingereza ambamo kahaba Fanny Hill anasimulia maisha yake, kile ambacho watu hukiita Fanny Hill. Ukurasa wa jina umeandikwa London, G. Fenton, 1749. Kina picha kumi na mbili za mambo ya chumbani, wazi kabisa. Je, ni toleo la kwanza? Na nikija Mombasa likizo, naweza kuja nacho nimwonyeshe ami yangu anayeuza vitabu vya kale?

JIBU: Marahaba. Nianze na habari isiyopendeza: hizo picha ndizo zinazonifanya niamini kwamba si toleo la kwanza. Toleo la kwanza lilikuwa maandishi matupu, juzuu mbili ndogo za kutia mfukoni. Ya kwanza ilitoka Novemba 1748, ya pili Februari 1749, wakati mwandishi, John Cleland, yumo katika gereza la Fleet jijini London kwa ajili ya deni. Huyo "G. Fenton" ni jina la kujifichia. Nyuma yake alikuwepo mchapishaji Ralph Griffiths.

Novemba 1749 Cleland, Griffiths na mpiga chapa walikamatwa. Cleland aliwaandikia wakubwa barua akikikana kitabu chake mwenyewe, akisema anatamani kizikwe na kusahauliwa. Machi 1750 likatoka toleo lililokatwa, sehemu nyingi za wazi zimeondolewa, na hilo nalo likaandamwa. Mwezi huohuo London ilikuwa imetoka kutikiswa na tetemeko la pili katika muda wa majuma machache, na Askofu wa London, Thomas Sherlock, aliandika waraka kwa watu wake akiyaita matetemeko yale onyo la Mungu. Miongoni mwa dhambi alizozitaja zilikuwamo hadithi za makahaba zinazochapishwa na kuuzwa. Akamwandikia pia waziri akitaka kitabu hiki kizuiwe.

Hapo ndipo mwaka ulioko kwenye nakala yako unapopoteza nguvu. Baada ya hayo, nani angekichapa tena akaweka jina na anwani yake? Wapiga chapa wa siri walinakili ukurasa wa jina wa zamani kama ulivyo, pamoja na Fenton na 1749, kwa miaka mingi. Kwa kitabu kingine ningeuanza uchunguzi kwenye ukurasa wa jina. Kwa hiki nauacha hadi mwisho.

Picha zina safari yake. Seti iliyo maarufu kuliko zote ni ya tafsiri ya Kifaransa ya 1776: Antoine Borel alichora, François Elluin akachonga kwenye mabamba ya shaba, na kitabu kikaandikwa kimetoka London ingawa kazi ilikuwa ya Ufaransa. Baadaye Édouard-Henri Avril na Franz von Bayros nao walikichorea picha. Elewa pia kwamba picha za bamba huchapwa kwa mashine yake, kwenye karatasi zake, kisha hubandikwa au kushonwa kati ya kurasa. Kwa hiyo maandishi yanaweza kuwa ya mkono mmoja na picha za mkono mwingine, tena za miaka tofauti. Vichunguze kila kimoja peke yake.

Chukua ukurasa wa maandishi uuinue mbele ya dirisha. Karatasi ya 1749 ilitengenezwa kwa mkono juu ya chujio la waya: utaona mistari myembamba iliyosongamana, na mingine iliyoachana kwa takriban sentimeta 2.5 ikikatiza ile. Karatasi ikiwa laini tupu bila mistari, jua kwamba aina hiyo ilienea Uingereza kuelekea 1800. Mistari peke yake haitoshi, kwa sababu karatasi ya mashine nayo huweza kutiwa mistari ya kuigiza. Basi tazama herufi s. Katika kitabu cha 1749, s ya mwanzo na ya katikati ya neno ni ndefu, karibu ufikiri ni f. Ikiwa kila s ni fupi kama ya leo, hiyo ni kazi ya baadaye, basi.

Sasa picha. Pitisha kidole taratibu pembeni mwake. Bamba la shaba hukandamizwa kwa nguvu hadi likaacha bonde dogo lenye kingo kuizunguka picha, na mistari ya wino huinuka kidogo. Kisha tumia kioo cha kukuzia: ukiona vitone vilivyojipanga safu kwa safu, hiyo ni picha iliyopigwa kwa kamera, na njia hiyo ilienea mwishoni mwa karne ya 19.

Bado kuna maandishi yenyewe, na kwangu hapa ndipo penye utamu. Kitabu kizima ni barua mbili ndefu za Fanny. Katika ya pili yuko katika nyumba ya wageni, anapanda juu ya kiti, anatoboa karatasi iliyobandikwa ukutani na kuwachungulia vijana wawili wa kiume wakiwa pamoja. Kifungu hicho kimo katika toleo la kwanza, lakini matoleo mengi ya baadaye yalikiondoa, hata wataalamu wakabishana kama Cleland ndiye aliyekiandika. Kikikosekana kwako, una jibu. Kikiwepo, endelea kuchunguza, kwa sababu matoleo ya kitaaluma tangu 1985 yamekirudisha.

Usishangae kwamba kukatwa na kuzuiwa huku kumeendelea hadi juzi. Polisi walichukua nakala 171 kutoka duka moja la Tottenham Court Road, London, na kesi ikasikilizwa mwaka 1964. Hakushtakiwa mtu, kilichoshtakiwa ni kitabu, mbele ya hakimu peke yake, bila baraza la raia wa kuamua kesi (jury), na kikashindwa. Maandishi kamili yaliuzwa Uingereza tangu 1970. Marekani, Mahakama ya Juu ilikiachilia Machi 1966 katika kesi iliyotoka Massachusetts, jimbo lilelile lililomtia hatiani Peter Holmes mwaka 1821 kwa kukichapa. Katika kesi ya Holmes picha iliyokuwamo kitabuni ilikuwa na shtaka lake peke yake, mbali na la maandishi.

Ndiyo maana nakusihi usije nacho Mombasa. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inataja katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku vitabu, kadi, lithografia (picha zilizochapwa kwa jiwe) na michongo ya aibu, maneno yanayofanana mno na yale ya sheria ya forodha ya Uingereza ya 1876. Afisa akifungua begi lako ataona picha kwanza, umri wa karatasi hataujali. Mpigie ami yako picha za ukurasa wa jina, za ukurasa mmoja wa maandishi ukiwa mbele ya mwanga, na za mshono wa mgongo. Hizo zinamtosha muuza vitabu kukupa neno la awali, na kitabu kibaki huko kwako, mahali pakavu.