Maswali na Majibu: Karani hayupo, jalada halionekani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu watumishi wa mahakama watoro na wenye mienendo mibovu. Nimechukua sita.

Shauri langu liko Mahakama ya Mwanzo. Mara nne nimeambiwa karani hayupo na jalada limefungiwa kabatini. Hakimu anaahirisha tu. Nimlalamikie nani? (Msomaji, Korogwe)

Mwandikie Hakimu Mfawidhi wa wilaya, yaani hakimu msimamizi. Nasema mwandikie, si umpigie simu wala umnong'oneze mlinzi getini. Taja namba ya shauri, tarehe zote nne na ulichoambiwa kila siku. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Nasisitiza maandishi kwa sababu nimekaa masjala miaka mingi. Kituo kimoja tulikuwa na mwenzetu aliyezoea kuondoka Alhamisi na ufunguo wa kabati mfukoni, anarudi Jumanne. Watu walioamka alfajiri, wengine wamewalipia mashahidi wao nauli, walirudishwa nyumbani mikono mitupu. Sote tulijua. Hakuna aliyeandika hata mstari mmoja, na baadhi yetu walimsainia daftari la mahudhurio. Siku wakubwa walipotaka kumchukulia hatua, faili lake lilikuwa jeupe.

Usikimbilie Kamati ya Maadili kwa ajili ya karani. Kamati ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, iliwekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011 kwa ajili ya mahakimu wa Mahakama za Mwanzo. Mahakimu wa ngazi ya juu yao wanashughulikiwa na kamati ya mkoa chini ya Mkuu wa Mkoa. Nidhamu ya karani inaanzia kwa msimamizi wake wa kazi. Ila kama mtoro ni hakimu mwenyewe, hapo kamati ndiyo mahali pake.

Hukuniuliza, lakini nakuonya: hukumu ikisomwa, usikae kumsubiri karani huyo akupe nakala. Rufaa ya kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ina siku 30, na sheria haikulazimishi kuambatanisha nakala ya hukumu. Nimewaona watu wakipoteza mashamba kwa kungoja karatasi ambayo hawakuihitaji.

Ni kweli mtumishi akikosa siku tano anafukuzwa? (Msomaji, Singida)

Zaidi ya siku tano, bila ruhusa wala sababu ya msingi, na baada ya kusikilizwa. Usiruke hata kimoja.

Hakimu amenipa kushindwa wakati ushahidi wangu ulikuwa mzuri. Ni wazi amehongwa. Nimfukuzishe wapi? (Msomaji, Tabora)

Swali hili linaletwa kila mara, na wanaoliuliza hawasomi majibu yaliyotangulia. Hukumu usiyoikubali inakatiwa rufaa. Ibara ya 107B ya Katiba inampa hakimu uhuru wa kuamua, na kamati ya maadili haina uwezo wa kutengua hukumu hata ya kuku mmoja. Kushindwa si ushahidi wa rushwa. Kama ulidaiwa fedha, sema nani alikudai, lini, wapi na kiasi gani, uende TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Namba yao ya bure ni 113. Kama huna la kusema zaidi ya kwamba umeshindwa, unawaziba njia wenye malalamiko ya kweli, kwa sababu barua yenu moja na yao moja zinapangwa kwenye foleni ileile.

Mtumishi wa masjala aliniomba "hela ya karatasi" nikampa. Naweza kulalamika? (Msomaji, Mbagala)

Unaweza, na ufanye hivyo upesi. Lakini jua kwamba kutoa rushwa ni kosa kama kupokea. Ada halali ya mahakama hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, na unapata stakabadhi. Fedha inayoingia mfukoni mwa mtu si ada.

Karani wetu alifukuzwa kwa utoro, mwaka uliofuata akarudishwa kazini na kulipwa malimbikizo ya mishahara. Sheria inawapenda watoro? (Mtumishi, Morogoro)

Sheria haiwapendi. Wanaowapenda ni wasimamizi wavivu. Mtumishi hufukuzwa kwa hatua: anaandikiwa barua ya kujieleza, anapewa hati ya mashtaka inayotaja siku alizokosa, anapewa muda wa kujibu, uchunguzi unafanyika, naye anasikilizwa. Haki ya kusikilizwa imo kwenye Katiba, ibara ya 13(6)(a), na ni aibu kubwa kuivunja ndani ya jengo la mahakama, ambako kazi yetu ya kila siku ni kuwasikiliza watu. Bosi aliyenyamaza miaka mitatu, kisha akaandika barua ya kumfukuza mtu asubuhi moja kwa hasira, ndiye aliyemrudisha huyo karani. Fedha za malimbikizo ni za walipa kodi. Kwa maoni yangu, msimamizi wa namna hiyo naye angefunguliwa shauri la nidhamu.

Na si kila kosa ni la kufukuza. Kuna onyo, karipio, kuzuiwa nyongeza ya mshahara na kushushwa cheo. Onyo lililotolewa mapema lingemwokoa mwenzenu, na kuwaokoa waliorudishwa nyumbani bure.

Sisi wa Kenya tunaenda wapi? (Msomaji, Mombasa)

Katiba yenu ya 2010, ibara ya 172, imeipa Tume ya Huduma za Mahakama kazi ya kupokea malalamiko na kuwaadhibu mahakimu, wasajili na wafanyakazi wengine wa mahakama. Jaji ana njia yake, ibara ya 168. Kwa karani anayekuficha faili, anza na Ofisi ya Ombudsman wa Mahakama, inayopokea malalamiko ya wananchi, na uende na namba ya kesi. Bila namba ya kesi watakurudisha ukaitafute.