Maswali yenu ya kamera: lenzi kwanza, bodi baadaye

Kaka, kamera gani nzuri kwa anayeanza? (Mwanza)

Swali hili limeniijia mara nne wiki hii, na wote wanne wameliandika hivyohivyo, bila neno la ziada. Siwezi kumshauri mtu asiyesema anapiga nini, anapigia wapi, na ana shilingi ngapi. Wa harusi za usiku na wa mechi za mchana hawanunui kitu kimoja. Andikeni upya, nitawajibu. Kwa sasa shikeni hili: mwenye milioni moja na nusu asimalize milioni na laki tatu kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Bodi utaibadilisha, lenzi nzuri utakaa nayo miaka.

Canon 4000D ina megapikseli 18, Nikon D3500 ina 24. Tofauti itaonekana?

Kwenye simu na albamu ya kawaida, hapana. Kinachonikera kwenye 4000D ni pale lenzi inapofungwa: ni plastiki. Anayebadilisha lenzi kila siku asiichukue.

Nataka lenzi moja ya kumaliza yote: harusi, watoto, na wanyama Mikumi. Nimeona Tamron 18-400. Ninunue? (Morogoro)

Dada, Mikumi itakufaa, harusini itakuangusha. Soma namba zake: f/3.5-6.3. Ile ya mwisho ndiyo watu wanairuka, nayo inakwambia kwamba ukivuta hadi mwisho, tundu la lenzi halifunguki zaidi ya f/6.3 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Mchana mbugani jua lipo, na kwenye Nikon ya sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) milimita 400 zinakuwa kama 600, kwa hiyo twiga wa mbali utampata.

Sasa ingia ukumbini saa tatu usiku. Taa kubwa zimezimwa, imebaki ya zambarau, bibi harusi anaingia taratibu. Kutoka f/2.8 kwenda f/5.6 mwanga unabaki robo. Picha ambayo mwenye f/2.8 anaipiga kwa ISO 1600 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), wewe kwa f/5.6 utahitaji ISO 6400 kwa spidi ileile ya shata, na uso wa bibi harusi unajaa chenga. Ukipunguza spidi, mkono unaoinua shela unatoka kivuli. Wala usidanganywe na kile kifaa cha kuzuia mtikisiko: kinatuliza mkono wako, hakimtulizi anayecheza.

Kwa kazi ya kulipwa tafuta 17-50 f/2.8, ya Tamron au Sigma. Ukiwa unajipigia tu, 18-135 ya Canon au 18-140 ya Nikon inatosha watoto na safari. Na hili hukuuliza: ukishapokea pesa ya mtu, nenda na kamera ya pili, na kadi usiifute mpaka picha ziwe zimehifadhiwa sehemu mbili.

Nimenunua 50mm f/1.8D ya D3500 yangu, haifokasi. Ni mbovu? (Arusha)

Si mbovu. Lenzi za AF-D hazina mota, zinategemea mota ya kwenye bodi, na D3500 haina, sawa na ndugu zake wote wa D3000 na D5000. Fokasi kwa mkono, au kaibadilishe uchukue AF-S, ile ya f/1.8G yenye mota yake. Muuzaji alipaswa kukwambia, nawe ulipaswa kuuliza kabla ya kulipa.

EF-S 18-135 itaingia kwenye Canon 6D?

Haiingii. Usiilazimishe.

Kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) zimeshika soko. DSLR, zile zenye kioo hicho, si pesa ya kutupa?

Hapana. Wanaohamia huko wanauza vifaa vizuri kwa bei ya chini, na Canon 80D iliyotunzwa bado inafanya kazi ya mteja. Ila kagua kwanza.

Nikinunua lenzi ya mtumba Kariakoo, nikague nini? (Unguja)

Swali zuri kuliko yote leo. Nilipoanza kazi nilinunua lenzi iliyokuwa inang'aa chini ya taa za duka. Nyumbani nikaimulika kwa tochi ya simu: ukingoni mwa kioo cha ndani kuna nyuzi nyeupe zimetambaa kama utando wa buibui. Fangasi. Muuzaji akakataa kuirudisha, na ile pesa nilikuwa nimeidunduliza miezi sita.

Kwa hiyo toa vifuniko vyote viwili. Lenzi nyingi za Nikon zina kijiti nyuma, kisukume kwa kidole ili tundu lifunguke lote. Mulika tochi kutokea nyuma, wewe tazama kwa mbele, kimshazari. Vumbi dogo si neno. Ukiona nyuzi, iweke chini hata wakikupa kwa nusu bei. Kisha zungusha zumu polepole ukiisikiliza. Ikikwaruza, ina mchanga.

Na kwenu unyevu ni mwingi, kwa hiyo lenzi isilale kabatini ndani ya mkoba wa ngozi. Nunua boksi la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, tia silika jeli. Zile pakiti zikishiba unyevu hazisaidii tena, kwa hiyo weka mpya kabla masika hayajaanza.