Bujora Saba Saba: usimpe dalali hela ya ngoma

Mkuu, kama hujatuma hiyo hela, usitume. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba Saba Saba unatoka Mwanza mjini na familia kwenda makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, na kuna jamaa kakuahidi kwa laki tatu mtaona mashindano ya ngoma za Kisukuma yanayoitwa Bulabo, wacheza na chatu wakiwemo. Anataka nusu kwanza. Aisee, mistari hiyo naijua hadi vituo vyake! Wa kwangu alikuwa na kitambulisho shingoni na vipeperushi vya rangi, nikajua ni mtu wa ofisi. Kumbe kitambulisho hata wewe unatengenezewa steshenari ukisubiri.

Sikiliza. Bulabo inakwenda na sikukuu ya Ekaristi, mambo aliyoyaasisi Padre David Clement, yule Mkanada aliyeanzisha kituo cha Bujora miaka ya 1950 na kuziingiza ngoma za Kisukuma kwenye maandamano ya kanisa. Ekaristi inaifuata Pasaka, na Pasaka haikai sehemu moja: 2024 ilikuwa 31 Machi, 2025 ikasogea hadi 20 Aprili. Kwa hiyo Bulabo mara nyingi inaangukia Juni, na ikifika Saba Saba kwa kawaida watu wameshavua njuga wanavuna pamba. Mkatoliki yeyote angeniambia hivyo bure. Mimi mtu wa Pwani, jina langu Ramadhani, nilimuuliza dalali.

Sasa hela si kitu. Nilimwita baba mkwe kutoka Maswa. Mzee ujanani alikuwa Mgika, yaani mchezaji wa chama cha ngoma cha Bagika, amecheza hasa, na mke wangu alishaniambia kwamba ukitaka kumfurahisha baba yake mtajie Bagika na mahasimu wao Bagalu. Nikaona hapa ndipo nitakapofuta deni lote la mahari. Mzee akaja na koti la suti na kiroba mkononi. Ndani ya kiroba kulikuwa na njuga zake.

Tukafika, uwanja mtupu. Mbuzi, na mtoto anaendesha tairi. Mwenyeji wa makumbusho anatuuliza kwa upole, "Ngoma? Nani kawaambia leo kuna ngoma?" Nampigia dalali, ananiambia yuko njiani na vijana wake, wamekwama kwenye foleni. Foleni ya Kisesa, siku ya sikukuu! Mara ya pili simu haipatikani. Mke wangu hakusema kitu, na waliooa wananielewa. Mzee akakaa chini ya mti, kiroba mapajani, kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mwanangu, hiyo hela ungeongezea kidogo ukaninunulia ndama." Mpaka leo kwenye vikao vya ukoo naitwa Ndama. Nacheka nao, nifanyeje.

Kwa hiyo usimlipe mtu wa mjini hata senti kwa ajili ya Bujora. Ongea na Bujora wenyewe. Ukitaka ngoma siku ya kawaida, kikundi kinaombwa mapema kupitia wao. Uliza ni kikundi gani na kinaanza saa ngapi, lipia pale pale, dai risiti. Mtu akikwambia "mimi ndiye ninayewaleta wachezaji", kimbia.

Na mchukue mwenyeji wa pale akutembeze, maana huyo ndiye aliyeiokoa ndoa yangu. Kuna jengo la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, ndani zimejaa ngoma na viti vya watawala wa zamani. Ukipita peke yako utaona magogo na ngozi tu. Tulipofika kwenye nyumba ya vyama vya ngoma, mwenyeji akaanza habari ya Ngika na Gumha, waganga wawili wa karne ya 19 walioshindana kwa dawa na ngoma, wafuasi wa mmoja wakawa Bagika na wa mwenzake Bagalu. Mzee akamkatiza. Akasema kijana unaisimulia kama Mgalu. Wakabishana pale mpaka watoto wakatoka kwenda kuchezea mbuzi. Tabasamu la kwanza siku ile.

Usafiri usikusumbue, ni kama kilomita 20: daladala mpaka Kisesa, pale kamata bodaboda akupandishe. Uliuliza pia kisiwa cha Saanane siku hiyo hiyo na chakula cha watoto, watakujibu wengine, mimi hasira zimeshanipanda upya.

Kama nusu umeshatoa, mpigie sasa hivi, mwambie unataka kuongea na kiongozi wa kikundi mwenyewe. Akianza habari za foleni, nenda polisi na ujumbe wa muamala usiufute.