Gazeti la ndani ya kiatu

SWALI: Shikamoo mjomba. Juzi nimenunua viatu vya mtumba hapo soko la Mwanga, nafika nyumbani natoa yale makaratasi wanayojazia ndani nakuta kipande cha gazeti kimeandikwa KOMPAS, chini yake Amanat Hati Nurani Rakyat. Mdogo wangu kabisha eti ni Kikomoro, mi nasema Kimalaysia. Ni gazeti la wapi na lilianzaje?
Mama Viatu, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni la Indonesia hilo, linatoka Jakarta kila siku, ila mdogo wako usimcheke sana maana amanat ni amana, rakyat ni raia, nurani unaiona kabisa nuru mle ndani, yote tumechota kisima kimoja cha Kiarabu wao na sisi. Hata gazeti lenyewe wanaliita surat kabar na hiyo kabar ndo habari yetu. Hati tu usidanganyike, kwao ni moyo, sio hati ya kiwanja. Na Kompas ni dira.

Lilianza tarehe 28 Juni 1965. Wakati huo chama cha kikomunisti kina nguvu kwelikweli na magazeti yake yanasomwa, sasa mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Ahmad Yani, akamwambia waziri mmoja wa chama cha Wakatoliki, Frans Seda, na nyie anzisheni lenu la kujibu. Kazi ikaangukia kwa P.K. Ojong na Jakob Oetama, wote wawili walishawahi kushika chaki darasani na tayari walikuwa na jarida lao Intisari tangu 1963. Wao walitaka liitwe Bentara Rakyat, Rais Sukarno ndo akapendekeza Kompas. Wabaya wao wakasema kirefu chake ni Komando Pastur, yaani amri ya mapadri.

Nakala za kwanza 4,800 tu, na lilikuwa linachelewa kutoka mtamboni mpaka watani wakaligeuza jina kwa Kiholanzi, Komt Pas Morgen, ndo kwanza linakuja kesho. Hapo nilicheka peke yangu, maana sisi tuliokaa huku enzi gazeti la Dar linapanda treni, linapita Tabora, linafika Kigoma mechi yenyewe watu wameshaisahau, hilo jina lingetufaa sana.

Halijafikisha hata miezi minne, Oktoba 1965, Yani yuleyule akauawa kwenye lile jaribio la mapinduzi, jeshi likasimamisha magazeti, Kompas nalo likakaa siku chache kimya likarudi. Akaja Suharto, jenerali aliyeshika urais baada ya Sukarno. Januari 1978 wanafunzi wanaandamana kumpinga, magazeti yaliyoandika yakafungwa, na Kompas likiwemo, wiki mbili. Ili wafunguliwe ilibidi wasaini ahadi ya kuwa wapole, Ojong hakutaka, Jakob akasaini, hoja yake ni kwamba gazeti lililokufa halisemi kitu.

Kuanzia hapo mwandishi mkongwe Rosihan Anwar akauita uandishi wao wa kaa. Kaa unamjua, wa kwenye mawe ya ziwani, anapapasa kwanza, akiona salama anasogea, akihisi hatari anarudi nyuma. Wapo wanaosema ni uoga, na mi siwezi kusema hawana pointi, lakini gazeti la Sinar Harapan ambalo nalo lilifungwa 1978 likafunguliwa, 1986 likapigwa kufuli tena, na jarida la Tempo likafungiwa 1994 mpaka Suharto alipoondoka ndo likarudi. Ojong alifariki 1980. Jakob alibaki na gazeti lake mpaka 2020 alipofariki, Suharto ameshatoka zamani.

Kikaratasi usikitupe, kinyooshe uangalie juu kama siku imebaki. Ikiwa Kamis ni Alhamisi, ikiwa Jumat hapo hauhitaji mkalimani, Minggu ndo utakwama, ni Jumapili.