Kiluwiluwi Kichwani: Je, Shujaa wa Baldur's Gate 3 Anapona?

Jibu kwa mwenye haraka: ndiyo, shujaa wa gemu hii anamwondoa huyo kiluwiluwi, anapona. Ila haponi kwa mganga yeyote utakayemkuta njiani, na haponi bure. Swali hili naulizwa na karibu kila mtu ninayemshawishi aicheze Baldur's Gate 3, na wengi huniuliza wakiwa bado mwanzoni kabisa, wameshikwa na hofu, wanakimbizana na saa ambayo haipo. Hawa ndio ninaowaandikia. Natoboa siri hadi za mwisho, kwa hiyo kama hutaki kuujua mwisho, acha kusoma pale chini nitakapofika kwa shetani Raphael.

Kwa ambao hawajaigusa: gemu imetengenezwa na Larian Studios ya Ubelgiji, ilitoka Agosti 2023, na inafuata kanuni za mchezo wa mezani wa dadu uitwao Dungeons & Dragons. Inataka nafasi ya GB 150, kwa hiyo wewe unayetegemea bando la simu tafuta rafiki mwenye waifai isiyopimwa, umwendee na maneno matamu. Unaanzia ndani ya meli ya ilithidi, viumbe wenye minyiri ya pweza usoni, wanaokula ubongo. Wamekuteka, na kiluwiluwi mwenye meno anapenyezwa jichoni mwako, anapita pembeni ya mboni na kwenda kukaa kichwani. Kwa kawaida mwenye kiluwiluwi hugeuka ilithidi kamili ndani ya siku saba. Meli inaanguka, unazinduka ufukweni, na hujapata hata silaha ya maana Lae'zel, mwenzako wa kabila la wagithyanki, anakuhesabia dalili: homa, kisha kupoteza kumbukumbu, kisha mengine usiyotaka kuyasikia.

Hapo ndipo watu wanapoacha kulala. Wanaogopa kwamba kila usiku wanaopiga kambi unaipunguza ile idadi ya siku saba, basi wanapigana wakiwa hoi, uchawi umewaishia, damu robo. Ushauri wangu wa kwanza na ulio mkubwa kuliko yote: lala. Viluwiluwi hawa wamechezewa kwa uchawi wa kale, wamezuiwa wasikomae, na gemu haizihesabu hizo siku kabisa. Tena mazungumzo mazuri na wenzako, siri zao, mapenzi yao na ugomvi wao, mengi yanatokea kambini usiku. Asiyelala hayaoni. Kwa ugumu wa kawaida usiku mmoja unakula vyakula vya alama 40, na vyakula vimejaa kila kwenye pipa na kreti, kwa hiyo okota hata soseji.

Kuna mahali pachache ambapo kulala kunaua kweli. Ukishaifikia nyumba inayoungua pale Waukeen's Rest, okoa watu kwanza. Ukishafika Grymforge, magofu ya chini ya ardhi, ukakuta mtu aitwaye Nere amenasa nyuma ya kifusi, usimwache huko usiku baada ya usiku. Zaidi ya hayo, vuta shuka.

Sasa waganga. Mfa maji haachi kutapatapa, na gemu inalijua hilo, ndiyo maana imewapanga njiani mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja atakayekuponya. Nenda hata hivyo, kwa sababu karibu kila mmoja anakuachia kitu, na kila mmoja anakufunulia kidogo aina ya ugonjwa ulio nao.

Nettie, kwenye makazi ya madruidi, walinzi wa msitu, anakuchoma kwa sumu kabla hajakueleza kitu. Ongea naye kwa utulivu, atakupa nafuu, na atakukabidhi kichupa cha sumu ili ujimalize mwenyewe dalili zikianza. Bosi wake, Halsin, ukimwokoa kwa magoblini, vijitu vikali vilivyomteka, anakiri waziwazi kwamba hawezi, na anakuelekeza kwenye ngome ya Moonrise Towers. Huyo ndiye mkweli kuliko wote. Bibi Ethel, ajuza mchawi, anataka jicho lako kama malipo. Analichukua, anashindwa kumtoa mdudu, na wewe unabaki na jicho bovu. Mimi simshauri mtu kumpa.

Volo ndiye ninayempenda, Mungu anisamehe. Ni mwandishi mwenye maneno mengi, si tabibu hata kidogo. Ukimtoa kwa magoblini anakuja kambini, na ukimruhusu akufanyie upasuaji anaanza na sindano. Sindano haifiki. Anachukua chuma cha kupasulia barafu. Kila hatua gemu inakuuliza kama unataka kumzuia, na kila hatua akili yako yote inakwambia mzuie. Usimzuie. Jicho linatoka, kiluwiluwi anabaki, Volo anababaika, kisha kwa aibu anakuwekea jicho la bandia la kichawi ambalo linaona vitu visivyoonekana, siku zote hadi mwisho wa gemu. Sijui biashara nyingine yenye faida kama hiyo kwenye sura ya kwanza.

Omeluum, ilithidi mstaarabu anayeishi chini ya ardhi na watu wa uyoga, anakutuma viungo, anakunywesha dawa, inashindikana, na anakupa pete ya kuikinga akili. Mashine ya wagithyanki, ile zaith'isk ambayo Lae'zel anaiita utakaso, haitibu. Imeundwa imuue anayekaa ndani. Ukiwa jasiri na dadu zikikubali, unatoka humo na uwezo wa kutumia nguvu za ilithidi kwa wepesi zaidi. Sevu gemu, yaani hifadhi ulipofikia, kabla hujakaa. Na kama Lae'zel ni mtu wako, usimwache akae yeye.

Je, uwale viluwiluwi wengine unaowaokota kwenye vichupa? Kila mmoja anafungua nguvu mpya, na baadaye unapewa mmoja maalumu anayekufanya nusu ilithidi, mishipa meusi usoni na uwezo wa kuruka angani. Watu wanaogopa kwamba gemu itawaadhibu mwisho wa safari. Haiwaadhibu, anayewala anaweza kumaliza akiwa binadamu sawasawa na asiyewala. Mimi naliona hilo kama udhaifu wa hadithi, maana kishawishi kisicho na gharama si kishawishi. Lakini ukitaka kuruka, ruka. Mimi huwa nawaacha kwenye vichupa kwa sababu ya kichefuchefu tu.

Raphael, shetani mwenye kanzu nzuri, anajitokeza mapema akijidai ndiye pekee mwenye tiba. Mwishoni anataka umwahidi Taji la Karsus, taji lenye nguvu kubwa za kichawi, naye akupe nyundo ya kumfungua Orpheus, mwana mfalme wa wagithyanki aliyefungwa ndani ya kifaa mnachobeba, kile kinachozilinda akili zenu safari nzima. Usisaini. Ingia nyumbani kwake kuzimu ukaibe nyundo. Ni pambano gumu, na ni sehemu tamu kuliko nyingine zote.

Tiba yenyewe ni kuuangamiza ule ubongo mkuu unaowaamuru viluwiluwi wote. Ubongo huo ukifa, nao wanakufa vichwani mwenu. Tatizo ni kwamba kuushinda kunahitaji ilithidi upande wako. Ukimwamini Emperor, yule mlinzi wa ndotoni ambaye ni ilithidi siku zote, anammeza Orpheus na wewe unabaki na mwili wako. Ukimfungua Orpheus, Emperor anahamia kwa adui, na lazima mmoja ageuke: wewe, au Orpheus mwenyewe, au mwenzako Karlach, ambaye injini iliyo kifuani mwake inamuua hata hivyo na yuko tayari kujitolea. Aliyegeuka harudi.

Halafu kuna mwenzako mwingine, Astarion, ambaye watu humsahau wanapouliza habari ya kupona. Yeye ni mnyonya damu, na kiluwiluwi ndiye anayemwezesha kusimama juani bila kuungua. Safari nzima anatembea mchana kama aliyezaliwa upya. Kama hukumwacha akamilishe ibada ya kujipatia nguvu iliyopangwa na bwana wake Cazador, siku ubongo unapokufa, mnapokuwa bandarini mnashangilia, ngozi yake inaanza kufuka moshi, anakimbia kutafuta kivuli, hana hata nafasi ya kuaga. Kwa hiyo kabla hujafika huko, zungumza naye kambini kuhusu jua. Na tunza sevu moja kutoka kabla ya kumchagua kati ya Emperor na Orpheus, ili uweze kurudi ukaione njia nyingine bila kuanza upya saa zote hizo.