Mkuu, achana na hiyo programu, dayari ya mtoto isaini mwenyewe

Mleta uzi umeuliza kama basi la shule la saa kumi na moja alfajiri si mapema mno kwa mtoto wa la pili, na kama akifika la tano umpeleke bweni, halafu katikati umepenyeza kwamba "mawasiliano ya hii shule yako vizuri, kuna programu ya simu, kuna grupu la WhatsApp, ripoti kila mwezi, dayari tumemwachia dada wa nyumbani ndo anasaini". Nilivyosoma hapo nikasimama. Nilikuwa kwenye daladala kwa hiyo nilikuwa nimesimama tayari, ila umenielewa. Mkuu, hiyo dayari, kile kidaftari mwalimu anachomwandikia mzazi kila siku na mzazi anasaini, mnyang'anye dada leo hii hii.

Wa kwangu alikuwa la tatu, English medium moja hapa Dar, jina silitaji maana nina kiporo cha ada pale. Siku ya kuandikisha meneja wa shule alitukalisha kwenye kochi, soda baridi, akafungua kompyuta akatuonyesha mfumo wao, mahudhurio unaona, alama unaona, basi limefika wapi unaona. Nikamuuliza sasa na hiki kidaftari mlichotuuzia na sare ni cha nini? Akacheka. Eti "aah baba, hiyo dayari ni utaratibu wa zamani tu, kila kitu mtakipata kwenye simu." Yule mzee nikikutana naye leo shikamoo nitampa maana kanizidi umri, ila ile soda naona ndo soda ghali kuliko zote nilizowahi kunywa mjini hapa.

Programu ilikuwa na kazi moja, kukumbusha ada, na hiyo haijawahi kukosea. Grupu nalo asubuhi maua na "mbarikiwe wazazi", saa nne kuna mama anauza vitenge, mchana mtu katuma dawa ya kisukari ya majani, jioni uongozi unalifunga wanaandika wao peke yao kuhusu mchango wa mahafali. Mwalimu wa darasa humsikii humo, na sio kosa lake, nani ataandika mbele ya wazazi wote kwamba mtoto wa fulani ana shida?

Ripoti zikawa zinakuja. Hisabati imeshuka, Sayansi imeshuka, English imeshuka. Maoni ya mwalimu wa darasa: aongeze bidii. Maoni ya mwalimu mkuu: ana uwezo, aongeze bidii. Tabia nzuri, afya nzuri. Baadaye nikaja kuona ripoti ya mtoto wa jirani aliyeshika namba moja, na yeye kaambiwa aongeze bidii, sijui aiongeze aende wapi.

Basi sisi tukaiongeza kweli. Katuni tukazima, mpira wa jioni tukafuta, tukamtafutia tuisheni Jumamosi na likizo zote, na hela tuliyotoa huko mwaka ule ukiijumlisha inalipa ada ya muhula. Tuisheni yenyewe iko kwenye kibaraza cha mtu, watoto wamebanana, ubao mbele kabisa, na wa kwangu kwa sababu ni mrefu anawekwa nyuma. Mama yake anamsemesha, mimi namfokea, bibi yake kwa simu anasema mtoto karogwa. Mtoto mwenyewe akaanza kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi. Tukampa dawa ya minyoo. Jumatatu ikifika tumbo, tukampa tena. Mpaka na mimi nilikunywa, minyoo ya nyumba nzima ilikwisha, tumbo la Jumatatu liko palepale.

Sasa jioni moja dada kaenda msibani, nikajikuta na begi la mtoto mikononi. Dayari ile kila siku ina sehemu ya homuweki, pembeni sehemu ya ujumbe wa mwalimu, chini mstari wa saini ya mzazi. Nikatafuta tarehe ya siku ile nisaini nikalale. Kurasa zikajifungua nyuma, naona wino mwekundu. Mwalimu kaandika kwa Kiingereza kwamba mtoto anapata shida kuona ubaoni, ananakili kwa mwenzake, naomba apimwe macho. Chini yake saini safi yenye mkia, ya dada. Mbele huko tena wino mwekundu, nakumbusha kuhusu macho. Saini. Mbele zaidi, mzazi naomba ufike shuleni. Saini, na hapo mkia umekuwa mrefu, mtu kashazoea kazi.

Na msije hapa kumsema dada. Kamaliza la saba kijijini, ujumbe uko kwa Kiingereza, sisi wenyewe ndo tulimwambia "we saini tu asije akachapwa". Kesho yake nikatoka mbio mpaka shule nimepanga maneno. Mwalimu wa darasa, binti mdogo mstaarabu, akanisikiliza mpaka mwisho akaniambia "Baba, nilijua mnasoma, mbona mnasaini?" Maneno yote niliyopanga yakaisha pale. Halafu mwalimu mkuu naye akaivuta dayari akanionyesha saini moja moja kama risiti za benki. Yaani shule ile ile iliyoniambia ni utaratibu wa zamani, siku ya kujitetea ikaikumbuka haraka sana!

Tukampeleka kupima. Kuna ile chati ya herufi E zinazogeukageuka, unaonyesha kwa kidole imeelekea wapi. Ile kubwa ya juu akaionyesha sawa, mstari wa pili akaanza kubahatisha huku kakunja uso. Haoni mbali. Cha karibu anaona vizuri, ndo maana nyumbani kitabu anasoma freshi na sisi tukawa tunasema uvivu huo, mbona anaweza. Miwani haikufika hata nusu ya hela ya tuisheni. Ila la tatu nzima ilishapita hivyo na upimaji wa NECTA (Baraza la Mitihani) wa la nne ulimkuta na mapengo, Hisabati akatoka na D, kavuka kwa kucha.

Kwa hiyo mkuu, shule iwe na mfumo wa kisasa au iwe na kengele ya rimu la gari, dayari isaini wewe au mama yake, na usisaini kabla hujasoma. Ukirudi saa tatu usiku umechoka na foleni, hiyo ni dakika moja. Rudi nyuma kurasa za wiki nzima sio ya leo tu. Anza na sehemu ya ujumbe, homuweki baadaye. Halafu jibu, hata mstari mmoja, "nimeona, je darasani anachangamka? Anakaa na nani?", maana walimu wanamwandikia mzazi anayejibu, asiyejibu wanamchoka. Mimi nilivyoanza kujibu ndo nikajua mpaka kwamba chai ya saa nne alikuwa hanywi, anabaki darasani anamalizia kunakili.

Mambo mazito usiyaandike humo, mtoto anapigwa, kuna mtu anamshikashika, hapana, lile daftari linasafiri kwenye begi na kila mtu analifungua. Hayo nenda mwenyewe kwa mwalimu wa malezi, au piga 116 ile namba ya kusaidia watoto, ni bure.

Walio shule za serikali najua mtasema dayari gani wakati tangu elimu bila malipo ianze 2016 darasa moja lina watoto wa mtaa mzima. Daftari la mtoto ndo dayari yenu. Angalia kazi zisizomaliziwa, mwandikie mwalimu ukurasa wa nyuma.

Na siku ukienda kutembelea shule nyingine, wakianza kukuonyesha programu, waombe dayari ya mwaka jana iliyotumika, ya mtoto yeyote, wafunike jina. Fungua katikati. Ukiona mwalimu anaandika na mzazi anajibu, lipa ada. Ukiona saini tupu kuanzia Januari mpaka Novemba, kunywa soda yao uondoke.