Nyumba ya urithi Lamu: tufunike kiwanda au tukiache?

Ndugu, umeuliza kama mkifunike kiwanda cha nyumba ya babu yenu pale Lamu, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu, ili mpate chumba cha ziada. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya aina hiyo na bado naishi humo. Msikifunike.

Nyumba hizi upande wa njiani hazina madirisha ya maana. Ukivuka daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unatokea kiwandani, na msana (ukumbi unaotazama kiwanda) na ndani (chumba cha nyuma yake) vyote vinapata mwanga na upepo kutoka hapo. Upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, haufiki hata mita 3, ndiyo maana ni virefu na vyembamba. Ukiziba uwazi ule, chumba cha nyuma kinawashwa taa mchana kutwa. Jirani yetu aliezeka kiwanda chake kwa mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Mwanga anao, lakini saa nane mchana wakati wa kaskazi hapakaliki, joto limekosa pa kutokea.

Halafu kuna faragha. Mama yangu anaanika nguo, anachambua mchele, anapiga soga na mashoga zake bila buibui, na mpita njia haoni kitu. Nyumba gani ya kisasa itakupa hilo bila geti na ukuta mrefu? (Ila siri hakuna. Ukigombana na mkeo chini, juu wote wanasikia.)

Kero ya kweli ni maji. Masika ikianza, tundu la kutolea maji likiziba kwa majani, kiwanda kinageuka bwawa na unyevu unapanda kutani. Lisafisheni kabla ya mvua. Na fundi akiwaambia apige lipu ya saruji juu ya kuta za matumbawe, mkatalieni. Saruji haipumui: chumvi inajikusanya nyuma yake, lipu inavimba, ukigonga inalia tupu, kisha inabanduka vipande vipande. Tafuteni anayejua chokaa, hata kama ni ghali na kazi yake ya polepole.

Mkibanwa na nafasi, angalieni juu. Wengi wetu tumeweka kipaa cha makuti darini, juu kabisa ya nyumba, panalalika vizuri. Lakini Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo piteni kwanza ofisi ya uhifadhi na mchoro wenu, kabla hamjanunua hata kuti moja.